Mwezekaji aliyelikata paa la kaka yake

Saa moja asubuhi umande haujakauka makaburini, na Lorna Samways tayari yuko juu ya paa. Amepiga magoti kwenye ubao ulioning'inizwa kwa kulabu mbili, miguuni amejifunga vipande vya ngozi ya kondoo, mdomoni ameuma vijiti vya kubania mabua. Mkono wa kulia umeshika kibao chenye mpini, ambacho hupigia mabua ya ngano hadi ncha zake zilingane kama nywele zilizonyolewa na kinyozi mwenye subira.

Chini yake, kwenye ua wa mawe, mwanamume mwenye ndevu nyeupe anachechemea kutoka kwenye tela, mganda wa mabua begani.

"We Clive! Huo umelowa."

"Haujalowa. Ni umande tu."

"Umande ni nini kama si maji?"

"Basi shuka uukaushe kwa kuupuliza. Mdomo unao."

Lorna anacheka huku vijiti vikiwa mdomoni, kisha ananyoosha mkono kuupokea mganda.

Clive ni kaka yake, amemzidi miaka minne. Mpita njia akiwasikia atadhani wanagombana. Wakazi wa kitongoji cha Hincombe hawadanganyiki, maana siku hawa wawili walipogombana kweli, miezi saba iliisha bila neno kusikika baina yao, ingawa kutoka mlango wa mmoja hadi wa mwingine mtu anaweza kupitisha sukari bila kuvaa viatu.

Lorna ana miaka hamsini na tisa. Ni mwezekaji wa nyumba za nyasi katika mabonde ya Dorset, kusini mwa Uingereza, kazi aliyoifanya baba yake, babu yake, na baba wa babu yake. Mwanamke ni yeye wa kwanza katika ukoo huo, na hakukabidhiwa kazi hiyo na mtu yeyote. Aliiokota ilipoanguka.

Kitongoji chenyewe kina nyumba kumi na moja, kanisa lisilo na umeme, na kibanda cha simu kisicho na simu, ambamo siku hizi watu huacha vitabu vya kuazimana na mayai ya kuuza. Nyumba tano ni za watu wa London, nao huonekana Agosti. Posta ilifungwa siku Bi Ivy Guppy alipostaafu. Duka lilifuata baada ya majuma machache, kana kwamba lilikuwa likimngoja atangulie. Kwenye malisho nyuma ya kanisa ardhi ina vishimo na matuta. Hapo ndipo ilipokuwa Hincombe ya zamani, ambayo watu wake walimalizwa na tauni, na leo kondoo wa Digby Hansford wanalala palipokuwa vyumba vya watu.

Nyumba tatu kati ya hizo kumi na moja zimeungana chini ya paa moja refu. Wenyeji huziita Safu ya Watawa, kwa kuwa mawe ya kuta zake yalitolewa kwenye nyumba ya watawa iliyobomolewa enzi za mfalme aliyekosana na Papa. Karibu na mlango wa Clive kuna uso wa malaika uliopachikwa ukutani kichwa chini. Fundi wa siku hizo alitafuta jiwe la kutosha pale, hakutafuta malaika.

Upande wa mashariki wa safu hiyo aliishi Bi Ivy. Katikati ndiko kwa Clive, katika nyumba ambamo yeye na dada yake walizaliwa. Upande wa magharibi ndiko kwa Lorna, aliyehamia hapo baada ya kufiwa na mumewe.

"Baba alikuwa akisema ngazi si mahali pa sketi," anasimulia. "Nikavaa suruali. Akasema tatizo halikuwa sketi."

Marehemu mzee Wilf Samways alimfundisha kazi mwanawe wa kiume. Binti alipewa kuchambua mabua, kuyalowesha, kuyafunga, na kupeleka chai. Lorna alifanya hayo yote huku macho yake yakiwa juu. Alijifunza kuezeka kwa kutazama nyayo za kaka yake kutoka chini.

Kisha Clive akaanguka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwezekaji mzuri kuliko baba yake kwa kauli ya watu waliowaona wote wawili. Aliteleza kwenye ghala la nafaka la nyumba ya bwana mkubwa, akatua kwenye sakafu ya mawe, na nyonga haikurudi kamwe kuwa ilivyokuwa. Ghala lilikuwa nusu wazi. Mvua za Oktoba zilikuwa zimeanza, na mzee Wilf alikuwa na kifua kibovu.

"Niliamka asubuhi nikapanda," anasema Lorna. "Baba hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikuja akashika ngazi isiteleze. Kwake hiyo ilikuwa hotuba."

Clive aliendesha gari la kubeba maziwa hadi alipostaafu. Jioni, akirudi, alimkuta dada yake akinoa kisu kilichokuwa cha Clive, akitumia kibao chake cha kupigia, kile chenye mpini uliochongwa kufuata kiganja chake. Hakusema kitu. Lorna hakumuuliza. Miaka ikapita hivyo, watu wanakula pamoja Jumapili, wanazungumza habari za kondoo na barafu.

*

Moto ulianza Jumapili ya mwezi Machi, miaka miwili na nusu iliyopita, mchana wa upepo mkavu wa mashariki. Dohani ya Bi Ivy ilikuwa na ufa ndani ya unene wa paa, mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Cheche ziliingia kwenye mabua na kutambaa kimyakimya.

Lorna alikuwa akimenya viazi. Anasema hakuona moshi kwanza, alisikia.

"Kama mtu anakunja karatasi chumba cha pili. Nikajiuliza, Clive anafungua zawadi ya nani? Halafu mbwa wa Digby akaanza kubweka, na mimi nikajua."

Walitoka nje kwa pamoja, kila mmoja kwa mlango wake. Clive alikwenda kwa Bi Ivy. Aliuvunja mlango kwa bega, akamkuta kizee huyo wa miaka themanini na sita amesimama jikoni anatafuta koti.

"Alinibeba kama gunia la viazi," anasema Bi Ivy, ambaye leo anakaa mjini kwa binti wa dada yake. "Nikamwambia, Clive, meno yangu yako kwenye glasi. Akaniambia, Bi Ivy, leo hutatafuna chochote. Adabu hana yule, lakini mgongo anao."

Wakati Clive anamvusha Bi Ivy barabara na kumpandisha kwenye gari la Digby, Lorna alichukua ngazi, shoka, na kile kisu kirefu cha kukatia majani. Paa la Bi Ivy lilikuwa limekwisha kushika moto. Upepo uliusukuma moto magharibi, kuelekea kwa Clive, na ukimaliza kwa Clive ungeingia kwa Lorna mwenyewe. Njia pekee ya kuuzuia moto wa nyasi ni kuunyima chakula, yaani kukata mfereji kutoka mgongo wa paa hadi ukingoni na kutupa mabua chini, ili moto ukifika ukute pengo.

Lorna aliegemeza ngazi katikati ya nyumba ya kaka yake.

"Moto ulikuwa umeshauma pembe ya paa lake," anasema. Anasimulia polepole, bila kupandisha sauti, kama mtu aliyekwisha kuulizwa mara nyingi. "Nikikata upande wa Bi Ivy, nimechelewa, utaniruka. Nikikata kwangu, ya Clive inakwenda yote. Nikikata katikati ya kwake, nusu inapona. Ndivyo nilivyoona. Sikuwa na nafasi ya kuitisha kikao."

Alikata. Chini ya mabua ya baba yake alikuta ya babu yake, chini ya hayo akakuta ya watu asiowajua, na chini kabisa, karibu na mapao, akafika kwenye mabua meusi kama lami, yaliyolazwa enzi ambazo nyumba hazikuwa na dohani na moshi wa mafiga ulipanda ukatokea kwenye paa lenyewe. Alijua ni nini. Kila mwezekaji wa mabonde yale anajua, na hakuna anayeyagusa. Akayakata nayo, akayatupa chini.

Gari dogo la zimamoto lilifika kwanza. Kubwa lilizungukia milimani, kwa sababu daraja la mawe la Hincombe lilijengwa kwa ajili ya farasi waliobeba sufu na haliwezi uzito huo. Mkuu wa kikosi alimwona mwanamke juu ya paa, akamfokea ashuke mara moja. Alishuka akikohoa, viganja vimebabuka. Watu wa kikosi wakapanda kuupanua mfereji aliouanza. Jua lilipokuwa likizama, moto ulifika kwenye pengo, ukakosa cha kula.

Nyumba ya Bi Ivy ilibaki kuta. Ya Clive ilipoteza nusu ya paa kwa moto, na nusu iliyosalia ilinyeshewa maji ya mipira hadi dari zikashuka juu ya kitanda cha wazazi wao. Kwa Lorna kilipasuka kioo kimoja cha dirisha.

"Nilirudi kutoka kwenye gari la Digby," anasema Clive, "nikamwona dada yangu juu ya nyumba yangu, anaitupa chini vipande vipande. Nikaangalia kwake. Kuko salama. Nikaangalia kwangu."

Alimwendea mbele ya majirani wote na watu wa zimamoto. Lorna alikuwa amekaa kwenye ukuta wa kanisa, mikono ndani ya ndoo ya maji.

"Kwanza ngazi yangu," Clive akamwambia. "Sasa paa langu."

Hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwa muda mrefu.

*

Bima ya Clive ilikuwa imekatika mwaka uliotangulia. Bima ya nyumba ya nyasi ni ghali, na pensheni ya dereva wa maziwa si kitu. Paa jipya kwa fundi wa kukodi lisingepungua pauni elfu arobaini. Clive akavuta nyumba ndogo ya magurudumu hadi kwenye bustani ya matofaa iliyo nyuma, akashusha mapazia, akakaa humo.

Kwenye baa ya kijiji cha jirani watu hawakukosa la kusema. "Damu ni nzito kuliko maji," mmoja alisema, "lakini kwa akina Samways si nzito kuliko mabua." Lorna aliambiwa. Dorset ni pana, lakini maneno yana miguu.

"Nilimgongea mlango," anasema. "Nilimwachia supu. Bakuli lilirudi kizingitini limeoshwa. Neno hakuna."

"Nilikuwa na njaa," Clive anadakia kutoka chini ya ngazi. "Hasira na njaa ni vitu viwili."

"Na ile ya kitunguu uliila yote, ukaisema vibaya kwa Digby."

"Chumvi ilikuwa nyingi."

Lorna hakukaa kungoja asamehewe. Turubai likatandazwa juu ya nusu iliyobaki. Digby akatoa mbao. Watu wa kitongoji, pamoja na wale wa London ambao wengi wao walikuwa hawajui hata jina la Clive, wakachanga kulipa seremala wa kurudisha kombamoyo na mapao. Ilipofika zamu ya mabua, Lorna akayaleta mwenyewe. Siku za kazi alikuwa juu ya mapaa ya watu wengine, kwa ajili ya mkate wake. Jumamosi na Jumapili alikuwa juu ya paa la kaka yake, bure.

Afisa wa majengo ya kale alikuja kukagua. Mama huyo aliingia darini na taa, akakaa humo hadi watu wakaanza kumwita, akatoka uso umejaa masizi na machozi yanamlenga. Sehemu kubwa ya mabua meusi ilikuwa imenusurika kwenye ile nusu iliyolowa. Aliyakadiria kuwa na umri wa miaka mia sita. Alisema yakaushwe taratibu na yaachwe yalipo, na paa jipya lilazwe juu yake.

"Alinipa mkono," anasema Lorna. "Akasema, umeokoa mengi. Nikamwambia, na mengine yako pale kwenye lundo la mbolea. Sikuwa natania. Nilikuwa nimeona aibu wiki zote hizo. Unajua, aliyeyalaza yale alikuwa mtu kama mimi. Magoti yalimuuma."

Majira ya joto yakapita. Lorna alikuwa akimwona kaka yake kupitia matofaa: anaanika nguo, anamwaga maji, anasimama na kikombe mkononi amelipa paa kisogo. Yeye aliendelea kulaza mganda juu ya mganda. Viganja vilivyobabuka vilimsumbua hasa katika kupasua vijiti. Kijiti cha mwezekaji hupasuliwa kwa kisu, huchongwa ncha mbili, kisha husokotwa katikati na kukunjwa kama pini ya nywele bila kuvunjika. Paa moja hula maelfu. Vidole vyake vilikuwa vikikataa, na alikuwa ameanza kununua vya kiwandani, jambo ambalo baba yake angelihesabu karibu na ulevi.

Jumapili moja ya Septemba alifika akakuta rundo la vijiti kwenye ngazi za mlango, limefungwa kwa kamba. Alikichukua kimoja akakitazama ncha. Ilichongwa pande tatu, mikato mitatu mifupi, hakuna wa nne wa kusawazisha. Mikono iliyochonga hivyo duniani ilikuwa imebaki miwili, na yote miwili ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ndani ya nyumba ya magurudumu, pazia limeshushwa.

"Nilifanya nini? Nilipanda nikafanya kazi," anasema Lorna. "Ningemwendea angevificha vingine."

Jumapili iliyofuata kulikuwa na rundo lingine. Na iliyofuata. Bi Ivy, akisimuliwa kwa simu, alisema ni barua ya ajabu kuliko zote alizopata kuzisikia, na kwamba angekuwa bado posta angewatoza stempu.

Ilikuwa Oktoba alipofika kwenye ukingo wa paa juu ya dirisha la chumba cha wazazi wao. Alikuwa ameinama akipiga kwa kibao aliposikia sauti kutoka chini, ya mtu ambaye koo lake halijatumika.

"Umepinda."

Lorna hakugeuka. "Nini kimepinda?"

"Ukingo. Upande wa kushoto. Unashuka kama sketi ya mlevi."

"Haujapinda."

"Mimi ndiye niliye chini. Anayeona ukingo ni wa chini."

"Basi panda uunyooshe, wewe unayeona."

Alisema hivyo bila kufikiri, kisha akatamani kuyameza maneno. Clive hakuwa amepanda ngazi tangu siku ya ghala. Halafu ngazi ikatikisika. Akaishika kwa juu, kwa mikono yote miwili, jinsi baba yao alivyoishika kwa chini. Clive alipanda mguu mzima ukitangulia na ule mbovu ukifuata, kipandio kwa kipandio, akipumua kama farasi, hadi kifua chake kikalingana na ukingo. Akaweka kiganja juu ya mabua.

"Nipe kibao," akasema.

Lorna akampa. Kilikuwa chake tangu mwanzo. Alipiga mara chache, akasita, akapiga tena, akafumba jicho moja.

"Sasa umenyooka," akasema, na akakirudisha.

"Ulikuwa umenyooka tangu mwanzo," Lorna akamjibu, na hapo ndipo, anakiri Clive, dada yake alipoanza kulia, akisingizia vumbi la ngano.

Mazungumzo yenyewe yalikuja baadaye, mchana, kwenye mbao za jukwaa, chupa ya chai katikati yao. Lorna ndiye aliyeuliza.

"Uliamini kweli kwamba nilikata lako kuokoa langu?"

Clive alizungusha kikombe. "Siku ya kwanza, ndiyo. Siku ya pili nilipima kwa macho, nikaona nami ningekata palepale."

"Siku ya pili! Na ukanyamaza miezi saba?"

"Nilitaka mtu wa kumkasirikia. Moto ukiutukana haujibu." Akaweka kikombe chini. "Halafu halikuwa paa, Lorna. Ilikuwa ngazi. Tangu siku ile."

Lorna alimmiminia chai, akamkatia kipande kikubwa cha jibini, naye akala. Clive alirudi nyumbani kwake wiki mbili kabla ya Krismasi, na ile nyumba ya magurudumu sasa wanafugia kuku.

*

Waswahili walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawa wameanza kulima wenyewe. Ngano ya siku hizi ni fupi, imefanywa hivyo ili mashine iivune upesi, na mabua yake hayafai paa. Ngano ndefu ya zamani imekuwa adimu, na msimu uliopita mvua iliilaza yote mashambani. Mapema mwezi huu Digby aliwapa kipande cha shamba upande wa pili wa kanisa, mbali na matuta ya kijiji cha zamani ambayo sheria hairuhusu kuyalima, na Clive akapanda mbegu ndefu iliyopatikana kwa mkulima mmoja wa milimani. Imeanza kuchomoza, kijani chembamba kama ukungu.

"Yeye chini, mimi juu," anasema Lorna. "Ndivyo tungefanya tangu mwanzo, kama kuna mtu angeuliza."

Paa linalowakutanisha sasa ni la Bi Ivy, la mwisho katika safu. Bima yake ilikuwa hai, ila ilichukua muda mrefu kuamua kuwa nyumba iliyoungua imeungua. Kuta zimepigwa chokaa upya. Dohani imejengwa nyingine, na hakuna jiko la kuni litakalowashwa chini yake tena. Kilichobaki ni sehemu ya kaskazini na mgongo wa paa.

Jumapili iliyopita Bi Ivy aliletwa kutazama. Yule binti wa dada yake, Bi Maureen Legg, alisimamisha gari mbele ya kanisa na kushusha kioo. Kizee huyo, ambaye sasa ana miaka themanini na minane, alikaa kiti cha mbele, blanketi magotini, kofia yake ya kanisani kichwani, akilikagua paa kutoka mwisho hadi mwisho.

"Sasa?" Lorna akauliza, ameegemea mlango wa gari.

"La zamani lilikuwa na rangi nzuri zaidi."

"La zamani lilikuwa na kuvu, Bi Ivy."

"Ilinipendeza kuvu ile." Akanyoosha kidole. "Yule ndege wa mabua mnayemwekaga juu, mmemweka wapi?"

"Bado. Mgongo ukiisha tutamweka. Clive ndiye anayemsuka."

"Clive? Basi atafanana na kuku."

"Nimekusikia!" Clive akapaza sauti kutoka kwenye tela.

"Ndiyo maana nimesema!" Bi Ivy akamjibu. Kisha akamgeukia Lorna, sauti imeshuka. "Litadumu miaka mingapi?"

"Thelathini. Likitunzwa, zaidi."

Bi Ivy alifikiri. "Sawa. Mkija kulitengeneza tena, pigeni hodi kwa nguvu. Nitakuwa sisikii vizuri."

Bi Maureen hakucheka. Ana sababu zake, na hazifichi. Bi Ivy alianguka bafuni mwezi Juni. Kitongoji hakina basi, hakina duka, na daktari yuko mbali. Mjini chumba chake kina joto, na kuna kengele ya kuvuta.

"Mimi nampenda," anasema Bi Maureen. "Sitaki kumleta hapa aje afe peke yake chini ya paa zuri."

"Sitakuwa peke yangu," Bi Ivy akamkatiza. "Ukutani kwangu kuna Clive. Nikipiga kwa fimbo anasikia. Mara ya mwisho hakungoja hata nipige."

Bi Maureen alisema daktari ndiye atakayeamua, mwishoni mwa Novemba. Kisha akapandisha kioo, kwa sababu upepo ulikuwa wa baridi.

Tangu siku hiyo Lorna anaanza kazi mapema zaidi. Magoti yanamsumbua, na mwaka ujao anatimiza sitini. Anasema akimaliza hapa atachukua kazi chache, karibu na nyumbani, na kusubiri kuona ngano ya Clive itafika urefu gani. Lakini hayo ni ya mwakani. Kwa sasa anataka jambo moja, Bi Ivy ale chakula cha Krismasi mezani kwake mwenyewe. Clive atapika. Majirani wamekwisha kugawana zamu za kumtazama, na mama mmoja wa London ameahidi kubaki majira yote ya baridi.

Na daktari akikataa?

Lorna anaondoa vijiti mdomoni ili ajibu vizuri.

"Daktari ana kazi yake, nami nina yangu," anasema. "Mwezi Juni waliniambia Bi Ivy harudi kwa sababu nyumba haina paa. Nitalimaliza wiki ijayo, mvua inyeshe isinyeshe. Wakitaka kumzuia, watafute sababu nyingine."